Barua mbili za udahili, mkopo haujajulikana: binti aende chuo gani?

"Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), amepata daraja la pili. Amechaguliwa vyuo viwili, vyote shahada ya uhasibu ya miaka mitatu. Kimoja ni cha umma, kipo Dodoma: ada 1,300,000 kwa mwaka, michango mingine 180,400, hosteli 240,000. Cha pili ni cha binafsi, Dar es Salaam: ada 2,450,000, michango 310,400, ila shangazi yake anaishi Mbagala na amesema mtoto aje akae kwake bure. Ndugu wanasema Dar ndiyo nafuu kwa sababu hakuna hosteli wala chakula. Tumeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, majibu bado. Mama yake alifariki mwaka 2019. Cheti cha kifo hatuna, tuna kibali cha mazishi tu, kwa hiyo hatukuambatisha kitu. Wapo wanaosema anayesoma chuo cha binafsi hapewi mkopo, na wengine wananitisha kwamba deni la Bodi linazaa mpaka mtu anazeeka akilipa. Navuna kama kilo 1,500 kwa msimu. Kaka yangu anashauri niuze nusu ya mikorosho nilipe ada yote. Muda wa kuthibitisha chuo unaisha wiki ijayo. Tungoje mkopo kwanza?"

Hapana, msingoje. Nianze na hilo kwa sababu ndilo lenye tarehe. Pole pia kwa msiba wa mama watoto. Nitarudi kwenye cheti chake, maana katika yote uliyoandika, hicho ndicho kinachoweza kubadilisha hesabu yako kuliko kitu kingine chochote.

Ratiba ya udahili na ratiba ya mikopo haziendi pamoja. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, ambayo anaiingiza kwenye akaunti yake ya maombi katika chuo anachokitaka. Majina ya waliopangiwa mikopo hutoka baadaye, kwa awamu, kwa kuwa Bodi inahitaji kwanza kujua nani anakwenda chuo gani. Ukisubiri mkopo ndipo athibitishe, unasubiri kitu ambacho nacho kinamsubiri yeye. Na mwangalie jambo moja dogo leo leo: maombi yalijazwa kwa namba ya nani? Wengi hujaziwa na mwenye steshenari, na namba ya simu iliyoingizwa ni ya huyo huyo, basi ujumbe wenye namba ya siri unaishia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kumsahau. Kama ujumbe haujafika, aingie kwenye akaunti yake ya chuo aombe atumiwe tena. Akikwama, apige simu ofisi ya udahili ya chuo hicho kabla ya siku ya mwisho.

Kwa hiyo uamuzi huu unafanywa gizani kidogo: unachagua chuo kabla hujajua mkopo ni kiasi gani. Ndiyo maana swali la "kipi ni nafuu" halitoshi. Swali la kujiuliza ni hili: mkopo ukitoka pungufu au ukichelewa, ni chuo gani binti yako anaweza kukianza, na akakimaliza?

Sasa tuone hesabu. Ada ni sehemu tu ya gharama, na makadirio ya ndugu zako yameruka vitu kadhaa. Nitachukua wiki 34 za masomo kwa mwaka, yaani mihula miwili ya wiki 17 pamoja na mitihani. Hizo ni siku 238. Bei za chakula na nauli ni makadirio yangu. Badilisha uweke unazozijua wewe.

Dodoma: ada 1,300,000, michango 180,400, hosteli 240,000. Chakula kwa 6,000 kwa siku, akila kwa mama lishe na mara nyingine kujipikia pale hosteli inaporuhusu, ni 1,428,000. Safari nne za basi kwa mwaka, kwenda na kurudi mara mbili, kwa 80,000 kila moja ni 320,000. Madaftari, kuchapa kazi na bando, 30,000 kwa mwezi kwa miezi minane, ni 240,000. Sabuni, mafuta, dawa ndogo ndogo na mahitaji mengine ya msichana, tuweke 240,000 nyingine. Jumla 3,948,400.

Dar: ada 2,450,000 na michango 310,400. Hosteli hakuna. Lakini siku za masomo hatarudi Mbagala kula mchana. 3,000 kwa siku 170 ni 510,000. Daladala, tuseme magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa 700 kila moja, ni 2,800 kwa siku, sawa na 476,000 kwa mwaka. Nauli ya basi Newala hadi Dar, safari nne kwa 50,000, ni 200,000. Madaftari, bando na mahitaji yake binafsi 480,000 kama kule. Kisha kuna shangazi. Shangazi akisema "bure" anasema kwa moyo, na ni heshima kubwa kwako, lakini mdomo wa ziada kwenye nyumba ya kupanga Mbagala unakula unga, mkaa, maji na umeme kwa miezi minane, miaka mitatu mfululizo. Ukimtumia 60,000 kwa mwezi hujamlipa, umemsaidia tu asichoke. Hiyo ni 480,000. Jumla 4,906,400.

Tofauti ni 958,000 kwa mwaka, yaani 2,874,000 mpaka amalize. Ukilinganisha ada na michango peke yake, Dar ilikuwa juu kwa 1,280,000. Kwa hiyo kukaa kwa shangazi kumepunguza pengo kwa 322,000 tu. Ndugu hawakukosea kuona kwamba malazi ni pesa. Walichokosa ni kwamba sehemu kubwa ya kile mnachookoa kwenye hosteli na chakula inarudi kwenye daladala, chakula cha mchana na mchango wa nyumbani. Na kuna ambacho hakiandikiki kwa shilingi: mwanafunzi wa uhasibu mwenye kipindi saa moja asubuhi akitokea Mbagala huamka saa kumi na nusu, na vikundi vya majadiliano vya jioni vinampita kwa sababu lazima awahi gari.

Kabla ya kufunga ukurasa huo, kagua vitu viwili ambavyo haviangalii bei. Cha kwanza, programu hiyo, kwa jina lilelile lililo kwenye barua, iwe kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa chuo kile kile. Cha pili, kwa kuwa ni uhasibu, ulizeni kila chuo shahada yake inampa mhitimu msamaha wa masomo mangapi kwenye mitihani ya NBAA, bodi inayosajili wahasibu nchini. Mhasibu asiye na CPA, cheti cha kitaaluma kinachotokana na mitihani hiyo, hufika mahali akakwama kwenye daraja la mshahara, na kila somo la NBAA analolazimika kulirudia lina ada yake. Chuo cha binafsi chenye msamaha mwingi kinaweza kujitetea hapo. Kama vyote viwili viko sawa, basi hesabu iliyo juu ndiyo inayosema.

Sasa mkopo. Si kweli kwamba wa chuo cha binafsi hapewi. Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi, mradi chuo na programu vimeidhinishwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba mkopo si mfuko mmoja. Una vifungu: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Kila kifungu hupangwa peke yake kulingana na uhitaji wa mwombaji, na kwa ada mwongozo huweka ukomo kulingana na fani. Maana yake, mkopo wa ada haupandi kufuata bei ya chuo. Chuo kikitoza zaidi, kilichobaki ni chako. Pengo la chuo cha gharama kubwa kwa kawaida humwangukia mzazi.

Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka. Kwa siku 238, akipata vyote viwili kwa ukamilifu, ni 2,580,000. Hiyo pesa ya kujikimu, bumu kama vijana wanavyoiita, huingia kwenye akaunti yake mwenyewe kwa awamu ndani ya muhula baada ya kusajiliwa na kusaini. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Akiwa Dodoma, hosteli na chakula nilichokadiria ni 1,668,000, kwa hiyo bumu linabakiza kiasi cha kugusa nauli na bando. Katika hali hiyo wewe unabaki na 1,368,400 kwa mwaka. Akiongezewa na nusu ya ada, unabaki na 718,400. Kwa Dar, bumu peke yake linakuachia 2,326,400. Akipewa mkopo wa ada wa shilingi zile zile 650,000, unabaki na 1,676,400.

Weka hizo namba kando ya korosho zako. Kilo 1,500, tuseme kwa 2,500 mkononi baada ya makato yote, ni 3,750,000. Bila mkopo, hata Dodoma inameza mavuno yote na kukudai zaidi, na bado hujanunua salfa ya kupulizia mikorosho wala hujala. Kwa bumu tu, Dodoma inabebeka kwa kujibana. Dar kwa bumu tu inachukua zaidi ya nusu ya mavuno kila msimu, kwa misimu mitatu, na korosho haziahidi msimu. Mimi ningethibitisha Dodoma.

Rudi sasa kwenye cheti cha kifo. Mifumo ya Bodi haioni kijiji chako, inaona nyaraka. Binti aliyefiwa na mama, anayelelewa na baba mkulima, yumo kabisa kwenye kundi ambalo Bodi hulipatia uzito, lakini kwenye maombi yenu anaonekana ana wazazi wote wawili. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako usajili wa vizazi na vifo uko chini ya Katibu Tawala wa Wilaya, ukiwa na kibali hicho cha mazishi, barua ya mtendaji wa kijiji, karatasi ya hospitali kama alifia huko, na kitambulisho chako. Kifo cha 2019 kitasajiliwa kama kilichochelewa, kinasajilika. Ukifika dirishani, simamia jina. Jina la mama kwenye cheti cha kifo lifanane herufi kwa herufi na jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti. "Somoe Hassani" na "Somoye Hassan" kwako ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watu wawili, na maombi mengi hukwama hapo hapo. Kikitoka, omba uhakiki wa RITA kwa mtandao upate namba ya uthibitisho, ndipo kipakiwe kwenye akaunti yake ya Bodi.

Baada ya dirisha la maombi kufungwa, Bodi huwa na kipindi cha waombaji kusahihisha kasoro. Aingie kwenye akaunti yake kila siku. Kama kipindi hicho kimefunguliwa na cheti kipo, aongeze. Kikiwa kimepita, usikate tamaa: baada ya awamu za kupangiwa kutangazwa hufunguliwa dirisha la rufaa, na rufaa yenye ushahidi mpya kama huu ina nguvu kuliko rufaa ya maneno matupu ya "hali yetu ngumu". Jina kukosekana awamu ya kwanza si kunyimwa, kwa sababu awamu huwa zaidi ya moja. Na akitokea mtu anasema ana mjomba ndani ya Bodi, umpe kidogo alisukume jina, huyo ni kishoka. Hakuna mlango wa namna hiyo, na pesa yako hairudi.

Kuhusu deni linalozaa. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli: zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyoongeza deni mwaka hadi mwaka, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Tozo hizo ziliondolewa mwaka 2021. Leo deni haliongezeki mwaka hadi mwaka kama zamani. Akipata bumu, vitabu na nusu ya ada Dodoma kwa miaka mitatu, deni ni 9,690,000, mbali ya fedha za mafunzo kwa vitendo. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuchukue mshahara wa 700,000 katika kampuni binafsi: Bodi 105,000, NSSF 70,000, kodi ya mapato 42,000, mkononi 483,000. Kwa makato hayo deni linakwisha kama miaka 7 na miezi 8; mshahara ukipanda, linakwisha mapema zaidi. Si deni dogo, na 105,000 ni pesa atakayoikumbuka kila mwisho wa mwezi. Mwambie hivyo tangu sasa, ajue bumu ni mshahara wake wa kesho anaoutumia leo. Lakini si la kumzeesha.

Mkopo wa kuogopa ni mwingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji pesa nyingi kabla bumu la kwanza halijaingia. Kwa Dodoma, tuseme chuo kinataka nusu ya ada kwa muhula wa kwanza, 650,000, michango 180,400, hosteli yote 240,000, nauli 80,000, godoro, shuka, ndoo na vyombo 150,000, na chakula cha wiki sita 252,000. Jumla 1,552,400, zote zinatakiwa karibu kwa wakati mmoja, mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, na kati ya mnada na fedha kuingia kwenye akaunti kuna siku kadhaa za kusubiri. Ukikosana na tarehe kwa wiki mbili, hapo ndipo watu hukimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Milioni moja kwa asilimia 10 kwa mwezi, ikikaa miezi sita, inakudai 600,000 juu yake. Hiyo ni karibu nusu ya ada ya mwaka mzima imeteketea.

Njia za kuziba pengo hilo zipo, na ni za kawaida tu. Peleka mzigo wako mapema AMCOS, chama chenu cha ushirika cha msingi, uingie minada ya mwanzo, hata kama bei ya baadaye inaweza kuwa nzuri zaidi. Mwandikie mhasibu wa chuo mapema kuomba kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vina utaratibu huo, ila havimpigii mzazi simu kumwambia. Mkopo wa ada ukishapangwa, uliza kama anaweza kusajiliwa kwa kulipa sehemu yake tu. Kama mchango wa harusi unachangishwa, mchango wa chuo unachangishika pia: itisha kikao cha ukoo kabla ya Oktoba, na shangazi wa Mbagala aliyejitolea chumba huenda akakubali kubeba godoro na nauli. Na ukishauza korosho, fedha za muhula wa pili zisikae mkononi. Ziweke kwenye akaunti tofauti, au kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako unaweza kuzitoa ndani ya siku chache za kazi zikihitajika.

Mikorosho usiuze. Namuelewa kaka yako. Anataka mtoto asome bila kudaiwa. Lakini ukiuza nusu, unalipa mwaka wa kwanza na pengine wa pili, huku mavuno yako yameshuka hadi kilo 750 au pungufu mwaka wa tatu unapofika, na mwanafunzi mwenye deni la ada huweza kuzuiwa kufanya mtihani wa mwisho. Umesema pia ni binti yako wa kwanza. Wadogo zake watasomeshwa na miti hiyo hiyo.

Mambo mawili yanataka uende ana kwa ana badala ya kusoma majibu kama haya. Majina yakigongana kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha kifo, nenda RITA wilayani na nyaraka halisi, waulize kipi kinasahihishwa na kipi kinahitaji hati ya kiapo. Na akifika chuoni bila jina lake kuonekana kwenye orodha ya malipo, aende kwa afisa mikopo wa chuo wiki ile ile ya kwanza, akiwa na barua ya udahili, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na namba ya akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina lake mwenyewe, si la baba wala la shangazi. Akiona hapati majibu hapo, ofisi ya kanda ya Bodi. Wewe kesho asubuhi anza na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kibali cha mazishi ukitie kwenye bahasha ya plastiki kabla hujapanda bodaboda. Ndicho pekee ulicho nacho.